Mteremko Upo, Lakini Nani Anaupanda?

Zege likibaki, fundi hulimwaga kando ya ngazi, na jengo limeshapata njia ya watu wenye ulemavu. Mkaguzi anapita, anauona mteremko, anatia vema kwenye fomu yake. Tepu haijatoka mfukoni.

Tuitoe basi. Chukua ofisi ya kawaida yenye vidato vitatu mlangoni, kila kimoja sentimita 15. Jumla sentimita 45. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda mbele. Hapo unahitajika mteremko wa mita 5.4. Nenda kapime ulio jirani nawe. Mingi niliyoiona haifiki hata mita mbili. Mwenye kiti mwendo haupandi kwa nguvu za mikono yake. Husukumwa na mlinzi wa getini, na kushuka hurudishwa kinyumenyume kama mkokoteni wa maji. Mteremko ukiwekewa vigae vinavyong'aa, mvua ikinyesha hata wa magongo hausogelei.

Tuseme kaingia. Mlango unatakiwa uache uwazi wa sentimita 80 angalau, na hupimwa ukiwa umefunguliwa. Fundi atakwambia fremu ni 80, wala hadanganyi, ila bawaba na unene wa ubao vimeshakula sehemu yao. Chooni panahitajika duara la mita 1.5 ili kiti kigeuke. Nafasi hiyo mara nyingine ipo, imejaa ndoo na mifagio, na ufunguo anao mfanya usafi.

Sheria tunazo: Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo inaligusa jambo hili katika ibara ya 54. Kujenga vizuri pia tunajua. Vituo vya mabasi ya Mwendokasi Dar es Salaam, vilivyoanza kazi 2016, sakafu yake iko usawa mmoja na ya basi.

Ningekuwa mwenye jengo, nisingemlipa mkandarasi malipo ya mwisho kabla mtu wa kiti mwendo hajaingia, akahudumiwa kaunta, akaenda chooni, akatoka, bila kunyanyuliwa na mtu. Na safari yake ianzie kituo cha daladala, maana mteremko wenye vipimo kamili haumfai aliyekwama ng'ambo ya mtaro usio na mfuniko.