Je, Wajua? Vita Kuu Vilivuka Ruzizi

Finalisti wa Bagira, hapa Bukavu, anayejiandaa kwa mtihani wa Exetat hupimwa Kiingereza kwa kusoma kifungu na kuchagua herufi. Mwenzake wa Uingereza anayefanya A-level ya bodi ya AQA anaweza kupewa mada nzima ya fasihi ya Vita Kuu ya Kwanza: mashairi ya Wilfred Owen, riwaya za Pat Barker, mahandaki na matope ya Ufaransa. Kitabu cha namna hiyo kikikufikia Bukavu, kisome kama mtu mwenye haki nacho, maana vita hivyo vilipita mlangoni kwetu.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Idjwi kilitekwa na Wajerumani Septemba 1914, vita vikiwa havijatimiza miezi miwili? Aprili 1916 zamu ikageuka: brigedi ya kusini ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilivuka mto Ruzizi. Kigali ilianguka tarehe 6 Mei, Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya askari walitembea wapagazi. Kwa kampeni zote za Wabelgiji wanakadiriwa kuwa 260,000, wenye masanduku ya risasi na magunia ya chakula kichwani. Nimesoma mashairi mengi ya mahandaki na ninayapenda, lakini kila nikiyarudia huwatafuta hawa watu wa mizigo na siwaoni. Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, Carrier Corps. Jina hilo kinywani mwa watu likawa Kariakoo, na leo ni soko la Dar es Salaam. Wanaonunua nyanya pale hulitamka kila siku.

Je, wajua meli iliyompa C. S. Forester riwaya? Kitabu chake The African Queen cha 1935 kinasimulia watu wawili wanaotaka kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani katika ziwa alilolitungia jina. Nyuma ya hadithi kuna Ziwa Tanganyika na meli ya kweli, Graf von Götzen. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe porini Katanga, na hatimaye zikafika Kalemie ya leo. Desemba 1915 ziliiteka meli ya kwanza ya adui, Februari 1916 zikazamisha ya pili. Götzen yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, wasiiache mikononi mwa adui. Iliibuliwa 1924, ikapewa jina Liemba, na kwa miongo mingi ikabeba abiria na mizigo yao. Na huyo Götzen ni nani? Ndiye Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu, mwaka 1894. Sinema ya The African Queen, ya 1951, ilipigwa picha kwa sehemu hapa Kongo.

Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya kengele za amani kulia Ulaya. Afrika ilikuwa bado: kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba.

Kwa anayetaka kuusikia upande wetu, Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya 2021, aliandika Paradise na Afterlives kwa Kiingereza, na ndani ya Afterlives askari wa Wajerumani wana majina, mama na njaa. Paradise inapatikana kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Vita vya Pili navyo vina Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya mshairi kufariki. Bukavu imevihifadhi vita hivyo kwa jina: Kambi Saïo inaitwa hivyo kwa ajili ya mji wa Ethiopia ambako jenerali wa Italia alisalimu amri mbele ya Force Publique, Julai 1941.

La mwisho ndilo linalonigusa kuliko yote. Katika Vita vya Kwanza, Wakongomani wachache walipigana Ulaya kwenyewe, katika jeshi la Ubelgiji, na baadhi yao walitekwa Namur mwaka 1914. Mmoja alikuwa Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo. Mwingine, Albert Kudjabo, alikuwa mtu wa Kilo, nchi ya dhahabu iliyoko Ituri ya leo. Mwaka 1917, katika kambi ya wafungwa ya Münster, wataalamu Wajerumani waliokuwa wakikusanya lugha za mateka walimweka mbele ya chombo cha kunasa sauti. Kudjabo akaimba, akapiga ngoma. Santuri hizo zimehifadhiwa Berlin, katika Chuo Kikuu cha Humboldt.