Umerudia mbio ukiwa na miaka 40? Jua maumivu ya kawaida na ya hatari

Huenda, msomaji, ulikuwa mkimbiaji hodari ulipokuwa shuleni. Miaka ikapita, ukapata kazi ya kukaa, labda ya kuendesha lori katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa au ya kuuza dukani hapa Miasenyi, na tumbo likaanza kuchomoza. Sasa umeamua kurudia mbio. Uamuzi huo utaufaa moyo wako, na utasaidia kudhibiti shinikizo la damu na sukari. Taabu ni kwamba siku ya pili baada ya kukimbia, hata kuchutama ni kazi. Je, hayo ni maumivu ya kawaida au ni ugonjwa?

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka 10. Kano, zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo na hivyo huchelewa kupona. Moyo na mapafu huzoea mazoezi kwa wiki chache, lakini kano huhitaji miezi. Huo ndio mtego: pumzi inakuruhusu kukimbia kilomita 5, ilhali miguu haijawa tayari.

Maumivu ya kawaida

Unapokimbia, hasa kwenye mteremko, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo mno. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hutoweka katika muda wa wiki moja. Kwa kawaida huwa katika miguu yote miwili. Wengi hudhani husababishwa na asidi iliyobaki misulini. Sivyo, kwani asidi hiyo huondoka saa moja hivi baada ya mbio.

Maumivu haya hayahitaji dawa. Tembea polepole, lala vya kutosha, na ule maharagwe, ndengu, mayai au samaki ili misuli ijijenge upya.

Jihadhari na tembe za kutuliza maumivu. Miasenyi ni mahali pa joto na ukame. Mtu aliyetokwa na jasho jingi bila kunywa maji, kisha akameza ibuprofeni au diklofenaki, huziweka figo zake hatarini, hasa akiwa na shinikizo la damu au kisukari. Usizimeze kamwe ili upate kukimbia.

Dalili za hatari

Kwanza, ukihisi ghafla kana kwamba umepigwa jiwe nyuma ya mguu, huenda msuli au kano imekatika. Acha kukimbia, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu na umwone daktari ukishindwa kusimama kwa vidole.

Pili, shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma hata umepumzika, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, huenda damu imeganda katika mshipa. Usikubali kuchuliwa! Donge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni na kukuua.

Tatu, mkojo ukiwa na rangi ya kahawa baada ya mbio ngumu, huenda misuli imeharibika kiasi cha kudhuru figo.

Kwa dalili hizi mbili za mwisho, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi.

Nne, maumivu yanayoanza kila ufikapo umbali ule ule na kukoma ukisimama yanaweza kuonyesha kuwa mishipa ya damu imebana. Wavutaji sigara na wenye kisukari wasiyapuuze.

Namna ya kuanza

Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, au huumwa kifua, pimwa kwanza. Kisha kimbia siku 3 kwa wiki, ukipumzika siku moja kati. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kwa muda wa dakika 20. Ongeza kidogo kidogo kila wiki. Nyumbani, inua visigino mara 15, urudie mara 3.

Tafuta njia tambarare ya udongo mbali na malori. Toka asubuhi jua halijawa kali, lakini kukiwa kumepambazuka, kwani ndovu wa Tsavo hupita huku.

Umri si kikwazo. Mkenya Kenneth Mungara, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuwa mkimbiaji, alishinda marathoni ya Gold Coast nchini Australia mwaka 2015 akiwa na miaka 41. Wewe huhitaji medali. Unachohitaji ni miguu itakayokubeba hata mwaka ujao, na kwa hiyo, pole pole ndio mwendo.