Wengi Wape, Lakini Si Roho ya Mtu

Wahenga walituachia usemi kwamba wengi wape. Ni usemi unaofaa sana katika kikao cha harusi au mkutano wa kijiji. Lakini je, kama kinachodaiwa na wengi ni roho ya mtu, tuwape vilevile? Swali hili limenirudia baada ya kutazama tena, juzi usiku, sinema ya zamani ya Kiingereza iitwayo Murder!, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1930.

Kisa chenyewe kinahusu watu wa michezo ya jukwaani. Diana Baring, mwigizaji kijana katika kikundi kinachozunguka mikoani, anakutwa ameketi kando ya maiti ya mwigizaji mwenzake, Edna Druce. Chuma cha kuchochea moto kiko pale pale chini. Diana mwenyewe hakumbuki lililotokea. Anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

Sheria ya Uingereza iliwapa raia 12 wa kawaida kazi ya kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Wakati ule ilikuwa lazima wote 12 wakubaliane. Ni mwaka 1967 ndipo iliporuhusiwa uamuzi wa watu 10. Na aliyepatikana na hatia ya kuua alihukumiwa kunyongwa.

Miongoni mwa hao 12 yumo Sir John Menier, mwigizaji mashuhuri, ambaye nafasi yake imechukuliwa na Herbert Marshall. Waliokuwa wakisita wanageuzwa mmoja mmoja, hadi anabaki yeye peke yake. Hapo wenzake wanamzunguka. Kila hoja yake inajibiwa kwa sauti za pamoja, kama watu wanaoitikia wimbo, wakimtaka alete jibu. Mwishowe anasalimu amri. Hakushindwa kwa ushahidi, alishindwa kwa kelele.

Mimi, ndugu wasikilizaji, nakula kwa kazi ya sauti, na sehemu iliyonigusa zaidi ni ile inayofuata. Sir John yuko nyumbani ananyoa ndevu mbele ya kioo, na redio inapiga muziki wa Wagner. Midomo yake haifunguki, lakini tunasikia mawazo yake: ile brandi iliyokuwa chumbani, ni nani aliyeinywa? Swali hilo alipaswa kuling'ang'ania mbele ya wenzake 11. Linamjia kwa nguvu sasa, akiwa peke yake, na msichana keshahukumiwa.

Siku hizi mafundi wetu huunganisha sauti tatu nne kwa dakika chache. Mwaka 1930 hilo halikuwezekana. Sauti haikuweza kuongezwa baadaye. Hitchcock alisimulia kwamba aliweka wapiga muziki wapatao 30 nyuma ya ukuta wa kile chumba, wapige wakati kamera inakwenda, huku maneno ya mwigizaji yaliyorekodiwa mapema yakichezwa papo hapo. Kazi yote hiyo ilikuwa ya kutusikilizisha dhamiri ya mtu mmoja.

Sir John anaanza upelelezi wake. Anamshuku Handel Fane, mwanasarakasi wa bembea ambaye jukwaani huvaa mavazi ya kike. Anaandika mchezo unaofanana na mauaji yale, kisha anamwita Fane aje kuusoma, akitumaini atajisaliti. Fane hajisaliti. Lakini baadaye, mbele ya watazamaji wa sarakasi, anajitia kitanzi, na barua aliyoiacha inamwokoa Diana.

Na hapa nina neno na sinema yenyewe. Fane aliua ili siri yake isifichuliwe kwa Diana, aliyempenda. Siri gani? Kwamba yeye ni chotara. Basi! Sinema inatufundisha tusimhukumu mtu kwa sababu wengi wameshaamua, lakini yenyewe inapokea bila swali chuki ya wengi wa zama zake, kwamba kuwa na damu mchanganyiko ni aibu ya kufichwa hata kwa kuua. Sir John aliuliza habari za brandi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aione asili yake kuwa fedheha.

Ndiyo maana nasema sinema hii inastahili kutazamwa, kwa uzuri wake na kwa kosa lake. Diana aliokoka kwa sababu mtu mmoja alirudi kwenye shaka aliyokuwa ameitupa, na alibakiwa na muda wa kurudi. Si kila mshtakiwa hupata bahati hiyo. Ukiwa na swali, ndugu yangu, liulize kikao kingali kimekaa.