Siri za Nyambizi na Daftari la Kituoni

Askari wa Mbarara yu mbali na bahari. Hata hivyo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wamo watu waliotoka Eritrea, na ni katika bandari ya nchi hiyo, Massawa, ambapo Italia iliweka nyambizi 8 mwaka 1940.

Mojawapo, Galileo Galilei, ilizamisha meli ya mafuta ya Norwei karibu na Aden tarehe 16 Juni. Siku 3 baadaye ilipambana na Moonstone, chombo kidogo cha Waingereza kilichokuwa cha uvuvi. Nahodha Corrado Nardi na baadhi ya maofisa wake wakauawa. Nyambizi ikatekwa pamoja na karatasi zake za siri. Karatasi hizo zikawaonyesha Waingereza mahali pa kuwavizia wengine. Tarehe 24 Juni nyambizi Galvani ikazamishwa katika Ghuba ya Oman.

Ndugu askari, tunakumbushana: daftari la kituoni lina majina ya watu waliokimbia kuokoa roho zao. Likiangukia mikononi mwa anayewasaka, watakaolipa si sisi tuliolizembea, bali wao. Tahadhari kabla ya hatari.