Mistari Myeupe Kwenye Karatasi: Printa Inasema Nini?

Printa ya wino inapoanza kutoa karatasi zenye mistari myeupe, wengi hukimbilia amri moja tu, ile ya kusafisha kichwa. Wanabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mistari iko palepale, wino unazidi kushuka. Na wino huo hautoweki tu: pampu ndogo ndani ya mashine huuvuta kupitia kichwa cha kuchapia na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini. Sponji ikihesabiwa kuwa imejaa, printa nyingi hugoma kuchapa, hata kama matangi ya wino bado yana kitu.

Kabla ya kusafisha chochote, mwenye printa anapaswa kuchapa karatasi ya majaribio ya matundu. Jaribio hilo hutumia wino kidogo mno na halihitaji fundi. Kwenye Epson L3110, kwa mfano, printa huzimwa, kisha huwashwa huku kitufe cha kusimamisha kikiwa kimeshikiliwa. Kinachotoka ni vijistari vifupi vilivyopangwa kama ngazi, katika rangi nne: nyeusi, njano, siani ambayo ni bluu iliyochangamka, na majenta ambayo ni nyekundu inayoelekea zambarau. Kijistari kikikosekana, tundu lake halitoi wino. Njano ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe. Dawa yake ni kuimulika kwa mwanga wa bluu, hata wa skrini ya simu. Hapo njano hugeuka nyeusi na kila pengo huonekana.

Hata picha yenyewe hutoa dalili. Uso ukitoka na ukijanikijani, majenta haifiki. Ukielekea zambarau, ni njano iliyokatika. Na picha ya pasipoti ambayo mandhari yake ya bluu yametoka ya waridi inakosa siani.

Vijistari vyote vikiwa kamili, kusafisha kichwa ni kumwaga wino tu. Tatizo liko kwingine. Mara nyingi liko kwenye mpangilio wa karatasi ndani ya kompyuta. Karatasi ya picha ikiwekwa huku kompyuta imeambiwa ni ya kawaida, printa itapima wino kwa kiasi kisichofaa, na picha itatoka imefifia au yenye chembechembe. Karatasi ya picha pia huwa na upande mmoja uliopakwa dawa ya kupokea wino. Ikigeuzwa, wino hukaa juu kwa matone, haukauki, na kidole kikigusa tu picha imeharibika. Ule mpangilio wa kuchapa haraka kwa kubana wino nao huacha mistari hafifu, na haufai kwa kitu kingine zaidi ya rasimu. Miji ya pwani ina shida yake: rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, karatasi hujikunja pembeni, zikakwaruza kichwa na kuacha michirizi ya wino ukingoni. Rimu ifungwe na ihifadhiwe ikiwa imelala.

Mistari ya wima ya jedwali ikitoka imevunjikavunjika, kichwa kinahitaji kulinganishwa upya, kazi inayofanywa kwa amri iliyomo kwenye programu ya printa. Kulinganisha kusiposaidia, inafaa kufungua kifuniko na kutazama utepe mwembamba wa plastiki angavu uliotandazwa kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine, nyuma ya kichwa. Utepe huo una mistari midogo sana ambayo kihisi husoma ili kujua kichwa kimefika wapi. Tone moja la wino au vumbi lililoganda juu yake linatosha kuvuruga maandishi. Printa huchomolewa umeme kwanza, kisha utepe hupanguswa taratibu kwa kitambaa laini kisicho na manyoya, kilicholowa maji kidogo. Usivutwe, ukichomoka kwenye ndoano zake, kuurudisha ni kazi.

Mapengo yakionekana kwenye karatasi ya majaribio, basi kichwa kisafishwe mara moja, na majaribio yachapwe tena. Hapa ndipo karatasi mbili zikiwekwa sambamba zinapofundisha. Mapengo yakiwa yamehama, kuna hewa kwenye mfumo wa wino, na hewa haiondolewi kwa kubonyezabonyeza. Yakiwa palepale, wino umekauka ndani ya tundu. Kwa modeli kadhaa za matangi, Epson hushauri kwamba baada ya kusafisha mara 3 bila mafanikio, printa iachwe angalau saa 12 bila kuchapa, kisha ijaribiwe tena. Kusubiri huko ni tiba halisi: wino mpya hupata muda wa kulainisha uliokauka, na mapovu ya hewa hupata muda wa kupanda.

Kwa nini wino unakauka? Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au mtu akizima swichi ya ukutani, kichwa hubaki popote kilipo, wazi, kama maka pen iliyoachwa bila kifuniko. Katika nyumba ambazo umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, huisha ghafla, jambo hili lina uzito. Umeme ukirudi, printa iwashwe hata kama hakuna cha kuchapa, kisha izimwe kwa kitufe ili kichwa kirudi mahali pake. Na kuchapa ukurasa mdogo wenye rangi zote nne kila wiki huzuia matatizo mengi zaidi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Aina ya kichwa nayo huamua hatua inayofuata. Katriji nyingi ndogo za HP na Canon zina kichwa chao wenyewe, hivyo kununua katriji mpya ni kununua kichwa kipya. Zikiziba, sehemu ya matundu huwekwa kwa muda juu ya kitambaa kilicholowa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya matundu. Vichwa hivyo hurusha wino kwa joto, kwa hiyo kuendelea kuchapa wakati wino umekwisha kunaweza kuviunguza. Epson hutumia vipande vinavyotikisika vikipitishwa umeme, na kichwa chake ni sehemu ya mashine. Bei ya kukibadilisha wakati mwingine hukaribia ya printa nyingine, ndiyo maana kusukumia maji kwa nguvu ya sindano ni hatari isiyostahili kuchukuliwa nyumbani.

Ikibidi kwenda kwa fundi, karatasi za majaribio ziende pamoja na printa, zikiwa zimeandikwa ipi ilichapwa kabla ya kusafisha na ipi baada yake. Fundi akipendekeza kufuta hesabu ya sponji kwa programu, aulizwe kama na sponji yenyewe itabadilishwa. Isipobadilishwa, printa itachapa tena, lakini wino utaendelea kujaa mahali palipokwisha kujaa, hadi siku utakapovuja mezani.