Mshairi Nyuma ya Ukuta: Maisha ya Abdilatif Abdalla na Kwa Nini Tunasoma Ushairi

Kuna kauli ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili katika shule za Kericho na Bomet ameisikia: "Ushairi ni wa watu wa Pwani, sisi tuachie riwaya." Mtahiniwa akifungua Karatasi ya Tatu, macho yake huruka swali la shairi kama mtu arukaye kidimbwi cha matope. Anayelirejea hulirejea kwa sababu maswali mengine yamemshinda, na hulijibu kwa kuorodhesha: beti ngapi, mishororo mingapi, vina gani. Alama chache za umbo huzipata. Za maudhui, toni na nafsineni humponyoka, kwa kuwa hajawahi kujiuliza ni mtu gani aliyeketi akaandika maneno yale, na alikuwa na shida gani.

Sehemu hii ya mwongozo inamweka mtu huyo mbele yako. Tumemchagua Abdilatif Abdalla kwa sababu maisha yake na mashairi yake hayatengani. Ukiyajua maisha, nusu ya ugumu wa mashairi huisha.

MAISHA YAKE

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwezi wa Aprili 1946. Alizaliwa katika nyumba ambamo mashairi yalikuwa mazungumzo ya kila siku. Babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, alikuwa mshairi na ndiye aliyemlea kwa sehemu kubwa ya utoto wake. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ni yule aliyetoa diwani ya Malenga wa Mvita mwaka 1971. Kaka mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na mwanasiasa. Kwa hiyo kijana huyu hakufundishwa mizani kwa kuhesabu vidole darasani kama tunavyofanya sisi. Aliisikia kwanza, akaijua jina baadaye. Nyuma ya wote hao alikuwako Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, ambaye alilitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni, akalitumia kuzungumzia vita, njaa, mapenzi na ugomvi wa watawala. Ukisikia mhakiki akisema Abdilatif anafuata mapokeo, mapokeo yenyewe ndiyo hayo.

Alipokuwa kijana alifanya kazi katika baraza la mji wa Mombasa, na akajiunga na chama cha Kenya People's Union (KPU) kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Chama hicho kiliundwa mwaka 1966 na watu walioona kwamba matunda ya uhuru yalikuwa yakiliwa na wachache. Mwaka 1968, fomu za wagombea wa KPU katika uchaguzi wa mabaraza zilikataliwa, na chama tawala kikabaki uwanjani peke yake. Hapo ndipo Abdilatif alipoandika waraka mfupi uliosambazwa kwa siri: Kenya: Twendapi? Kichwa chake ni swali, na swali hilo ndilo lililomtia gerezani.

Alikuwa na umri wa miaka 22. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwezi wa Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Upande wa serikali haukuridhika. Ulikata rufaa, na kifungo kikaongezwa kikawa miaka 3. Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake katika seli, bila wenzake wa kuzungumza nao. Akiwa humo, mwezi wa Oktoba 1969, KPU chenyewe kilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Hebu fikiria hali hiyo: umefungwa kwa ajili ya chama, na chama chenyewe hakipo tena.

Ndani ya seli aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoroshwa nje kidogo kidogo. (Wengi wanajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa namna hiyo hiyo huko Kamiti mwishoni mwa miaka ya 1970. Abdilatif alimtangulia.) Alitoka mwaka 1972. Mwaka uliofuata mashairi yale yalichapishwa na Oxford University Press yakiwa diwani ya Sauti ya Dhiki, yenye utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Soma sentensi hiyo tena. Tuzo yenye jina la rais ilikwenda kwa mtu aliyefungwa na serikali ya rais huyo huyo, kwa kitabu alichokiandika akiwa katika gereza la serikali hiyo. Ukitafuta mfano wa kinaya nje ya vitabu teule, huu utakutosha.

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshaondoka nchini. Alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na huko ndiko alikotafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana ikaitwa Wema Hawajazaliwa. Mwaka 1979 alihamia London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akahariri jarida. Baadaye alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi mwaka 2011.

KILICHOMSUKUMA KUANDIKA

Wanafunzi hupenda kujibu swali la aina hii kwa neno moja: "siasa". Jibu hilo si kosa, ila ni jembamba. Seli ya mfungwa aliye peke yake ina mambo mengi kuliko siasa. Ina kimya. Ina siku zisizo na majina. Kwa mtu aliyezoea nyumba ya mashairi, ambamo mmoja akitunga mwingine humjibu, ukimya huo ni adhabu juu ya adhabu. Ndiyo maana katika diwani utakuta nafsineni anayejizungumzia, anayebishana, anayeapa, na hata shairi la malumbano ambamo ndugu wawili wanagombea mnazi. Mshairi aliyenyimwa watu wa kuzungumza nao aliwaumba.

Tazama pia msimamo. Shairi la "Siwati" lina jina linalowatatiza watahiniwa wa kwetu. Si fumbo, ni lahaja. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina "ch" pana "t". Macho ni mato. Kuacha, au kuwacha, ni kuwata. Basi "siwati" ni "siachi". Mfungwa anasema hataiacha kauli yake. Msemaji wa Kipsigis hapaswi kutishwa na jambo hili. Ukienda Nandi au kwa Watugen utasikia maneno yako mwenyewe yamegeuzwa kidogo, na bado utaelewa. Lahaja za Kiswahili ni hivyo hivyo. Ukikutana na neno geni katika shairi la mwambao, jaribu kwanza kubadilisha "t" iwe "ch", au "nd" iwe "nj" (ndia ni njia), kabla ya kukata tamaa.

Halafu kuna hofu, ambayo wahakiki huitaja kwa uchache. Mwandishi wa waraka alisema mambo kinagaubaga akafungwa. Mshairi gerezani hakuweza kusema vile tena, wala hakutaka kunyamaza. Katikati ya mambo hayo mawili ndimo lilimozaliwa shairi la "Mamba". Mamba yumo mtoni, anajigamba, anajiona ataishi milele, na mshairi anamkumbusha kwamba mauti hayamsahau. Mtu akikuuliza mamba ni nani, unaweza kumjibu kwamba ni mamba. Hiyo ndiyo kazi ya istiari na jazanda: msemaji hupata mahali pa kusimama. Kadhalika "Telezi", yenye taswira ya njia iliyoloa mvua na mtu anayeanguka. Wewe uliyepanda mlima wa Kericho saa kumi jioni baada ya mvua ya kila siku, ukaona gari la majani chai likirudi nyuma badala ya kwenda mbele, huhitaji kuelezwa na mtu yeyote maana ya utelezi. Itumie taswira unayoijua ili uielewe ya mshairi.

JE, USHAIRI NI WA PWANI TU?

Turudi kwenye ile kauli ya mwanzo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na kunasa sauti za Wakipsigis wakiimba. Mojawapo ya nyimbo hizo huitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Mmarekani Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi milima hii. Waimbaji wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walilitamka jina kwa ulimi wao, na yule mgeni asiyeonekana, mwenye sauti inayotoka kwenye sanduku, akageuka kiumbe wa ajabu: nusu mtu, nusu paa. Wimbo huo umesikilizwa mbali sana na Kapkatet.

Tafakari walichofanya wasichana wale. Walisikia kitu kisichoeleweka, wakakipa umbo, jina na mdundo, kikawa chao. Mtahini akikuuliza mhusika ameumbwaje kwa kutumia uhaishaji na chuku, hakuulizi jambo ambalo halijawahi kufanyika nyumbani kwenu. Nyimbo za jando, za harusi, za kubembeleza mtoto na za kazi zote ni ushairi simulizi, na katika Karatasi ya Tatu zina swali lake.

UMUHIMU WA USHAIRI

Vitabu vingi hutoa orodha hapa: kuburudisha, kuelimisha, kuonya, kukuza lugha, kuhifadhi historia. Ikariri ukipenda, ni sahihi. Lakini orodha haionyeshi ushairi ukifanya kazi, kwa hiyo tuutazame ukifanya kazi katika jambo mnalolijua.

Mnajua habari za mashine za kuchuma chai. Mnajua pia kwamba mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto katika maandamano hapa Kericho. Mwenye shamba ana hesabu zake za gharama. Mchumaji ana karo ya mtoto, pengine karo yako. Gazeti huandika pande zote mbili na kufunga ukurasa. Sasa soma ubeti huu, tulioutunga kwa ajili ya somo hili:

Mapema huko shambani, mamangu ameinama,
Kikapu ki mgongoni, jani kwa jani achuma,
Mashine yaja njiani, yanguruma yanguruma,
Mkono wake, semeni, utashika nini, jama?

Ubeti huu hautoi hoja yoyote ya uchumi. Unauliza swali moja kuhusu mkono mmoja, na anayepitisha uamuzi ofisini hana budi kuutazama mkono huo hata kama hatabadili uamuzi wake. Ushairi unaweza kuipunguza habari kubwa mpaka ikatosha machoni. Sisi tunaona huo ndio umuhimu wake wa kwanza, mbele ya burudani.

Kwa upande wa umbo, huu ni ubeti wa tarbia, kwa kuwa una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, vyenye mizani nane nane. Vina vya kati ni "ni" na vya mwisho ni "ma". Hesabu: mko-no si silabi mbili, ni m-ko-no, tatu, kwa kuwa "m" hiyo inasimama peke yake. Kosa hili huwapotezea alama wengi. Uhuru wa mshairi nao upo: "mamangu" badala ya "mama yangu", "ki" badala ya "kiko", "jama" badala ya "jamaa". Yote ni inkisari, na sababu ni moja, kutosheleza mizani (na kwa "jama", kutosheleza kina pia). Ukiulizwa kuhusu inkisari, taja neno, taja umbo lake kamili, kisha taja sababu. Mtahini hatakupa alama kwa neno tupu.

Toni je? Wengi wataandika "ya huzuni". Tazama tena mshororo wa nne. Nafsineni ni mtoto wa mchumaji, na anawakabili watu: "semeni". Anadai jibu. Toni ya malalamiko, au hata ya kukabiliana, inafaa zaidi. Abdilatif angeielewa toni hiyo. Waraka wake nao ulikuwa na alama ya kuuliza.

MAZOEZI

1. "Mshairi hutunga kwa sababu amenyimwa njia nyingine ya kusema." Jadili kauli hii ukirejelea maisha ya Abdilatif Abdalla. (alama 10)

2. Andika ubeti uliotolewa hapo juu kwa lugha ya nathari. Usipoteze swali lililomo. (alama 4)

3. Muulize mzee au mama wa kwenu akuimbie wimbo mmoja wa kazi. Bainisha nafsineni, nafsinenewa na mbinu mbili za lugha zilizotumika. (alama 6)

4. Tunga ubeti wa pili wa shairi la mashine, nafsineni akiwa mwenye shamba, kwa mizani na vina vilevile. Mpe haki yake. (alama 5)