Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwingine

Likoni na Kisauni, huko Mombasa, mtu anaweza kujenga nyumba, akaipangisha chumba kwa chumba, akaiuza au akawaachia wanawe, na muda wote huo asimiliki hata shubiri moja ya udongo ulio chini yake. Wenyeji huiita nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye shamba kodi ya ardhi, hupewa risiti, na maisha huendelea. Anayetoka Nyeri au Kisii akielezwa mpango huu hudhani kuna mtu anatapeliwa. Pwani ni jambo la kawaida, na sheria ililitambua kwa muda wa karne nzima.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa mwambao wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatunga sheria ya hati za ardhi iliyowataka wote wenye madai wajitokeze kuyasajili. Waliozijua taratibu za serikali walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walikosa, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Sheria hiyohiyo iliruhusu minazi na nyumba zisajiliwe kando na ardhi, na ilibaki vitabuni hadi 2012. Mashamba makubwa ya bara ya Mombasa, nje ya kisiwa, yakawa na wenyewe wanaoishi mbali, wengine hata ng'ambo, huku watu wakiongezeka juu yake mwaka baada ya mwaka.

Na wameongezeka kwelikweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na 154,171 tu. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Waliosalia wako Nyali na Jomvu, maeneo bunge yaliyomegwa kutoka Kisauni na Changamwe. Ukisema Mombasa, mgeni huwaza Fort Jesus, lakini zaidi ya watu 8 katika kila 10 wa kaunti hii hulala bara.

Nani basi ana wajibu wa kuwapangia makao? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Ukitaka kujua ofisi ya kubisha hodi, fungua Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa imepewa sera ya nyumba, pamoja na kanuni za jumla za upangaji wa ardhi na kazi ya kuratibu mipango ya kaunti. Kaunti imepewa upangaji, upimaji, uchoraji wa ramani na nyumba. Sera ya nyumba iko Nairobi; nyumba ziko kwa gavana. Hati hutolewa na Wizara ya Ardhi, na ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Anayetafuta ruhusa ya kuweka ukuta Shika Adabu anaweza kuzeeka kabla ya kujua meza ipi ni ya nani.

Upande wa ardhi, ngazi zimepangwa vizuri. Kuna mpango wa kitaifa wa matumizi ya maeneo wa 2015 hadi 2045, kuna Sera ya Kitaifa ya Matumizi ya Ardhi ya 2017, na kuna Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kila kaunti hutakiwa kuwa na mpango wa miaka 10, na chini yake mipango ya mitaa inayoonyesha barabara ipite wapi, shule ikae wapi, maji taka yaelekee wapi. Upande wa nyumba kuna ngazi nyingine: sera ya 2004, kisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi huku mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Ngazi hizi mbili zinatakiwa zikutane mahali fulani. Kwenye bara ya Mombasa hukutana mara chache.

Sababu ni kwamba fedha za nyumba huenda mahali ambapo hati ni safi, na watu wengi wako mahali ambapo hati ina utata. Mkandarasi hawezi kuanza kazi kwenye shamba lenye kesi, warithi waliotawanyika na nyumba mia za watu wengine. Kaunti ina ardhi isiyo na matatizo hayo: mitaa ya zamani ya manispaa. Ndiyo maana Buxton, pale kisiwani karibu na Daraja la Nyali, ilibomolewa ikapandishwa magorofa, na ndiyo maana mtaa wa Khadija huko Kisauni, pamoja na nyumba za kaunti za Changamwe na Likoni, ziliingizwa katika orodha ya kujengwa upya. Sina ugomvi na magorofa hayo. Ila ziada inayopatikana hapo haiwagusi wakaazi wa Mtopanga wala Timbwani, ambao tayari wana nyumba na wanachokosa ni haki ya ardhi, bomba la maji na njia ya kupitishia gari la zimamoto.

Tena hesabu yenyewe inapotoka. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma. Mara nyingi kila chumba kina kaya yake. Anayehesabu majengo ataandika nyumba moja. Anayehesabu wapangaji atakuta familia sita zinazolipa kodi ambayo hakuna gorofa la serikali linaloweza kushindana nayo. Sheria ya 2024 inawagawa wanunuzi kwa kipato: chini ya Sh20,000 kwa mwezi, kati ya hapo na Sh149,000, na zaidi ya hapo. Haina fungu la mama mwenye vyumba sita juu ya ardhi isiyo yake, anayetaka kuongeza choo cha pili. Benki nayo haimkopeshi, kwa sababu hana hati ya kuweka rehani.

Je, hati ikipatikana mambo yatanyooka? Shamba la Waitiki, Likoni, lina jibu. Ekari zake 930 zilivamiwa baada ya ghasia za 1997. Serikali ililinunua kwa zaidi ya Sh bilioni 1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hatimiliki, wenyeji wakitakiwa kurudisha Sh182,000 kila mmoja kidogokidogo. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mpimaji aliyefika baada ya miaka karibu 20 ya watu kujijengea hana budi kuzifuata kuta zilizopo. Kila mita ya barabara anayoitaka ni chumba cha mtu, na kila kiwanja cha shule ni fidia. Hati ikitangulia mpango, kuupata mpango baadaye hugharimu mara mbili.

Changamwe ilianguka upande wa pili. Huko mpango haukukosekana: bandari ya Kipevu, kiwanda cha kusafisha mafuta, uwanja wa ndege wa Moi, reli. Kilichokosekana ni nafasi ya wafanyakazi wa vitu vyote hivyo kulala. Walijibanza palipobaki, na viwanda vikawafuata hukohuko. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kilipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 na kuwatia watu sumu ya risasi. Mahakama iliwapa wakaazi fidia ya Sh bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kutenga viwanda mbali na makazi ndilo somo la kwanza la upangaji. Na anayesema dawa ya Changamwe ni kupanda juu akumbuke kwamba karibu na njia ya ndege urefu wa jengo huamuliwa pia na mamlaka ya usafiri wa anga.

Majirani wamejaribu njia tofauti. Katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, wenye nyumba waligoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi, kisha ikajenga magorofa ya Michenzani. Njia hiyo Kenya haiwezi kuifuata, kwa kuwa Katiba inalinda mali ya mtu. Mfano wa Voi unanivutia zaidi. Mapema miaka ya 1990 wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walikubali ardhi iwe amana ya jamii yote na nyumba iwe ya mtu binafsi. Kwa Mpwani hilo si geni: ni nyumba bila ardhi, ila mwenye shamba ni wao wenyewe, na tajiri hawezi kununua kiwanja kimoja kimoja mpaka mtaa uishe. Mfano huo haukuigwa sana. Naona Kisauni ndipo ungefaa, kwa kuwa watu wake tayari wanaijua tofauti ya paa na udongo.

Wakati wenyewe haungoji. Likoni imetengewa eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, la ekari zipatazo 3,000, na barabara mpya imeiunganisha na Miritini bila kupanda feri. Mwenye shamba aliyeridhika na kodi ya ardhi sasa anaweza kupata mnunuzi anayetaka yadi ya makontena. Hapo atahitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, na ombi hilo halifanyiwi gizani: sheria ya 2019 inataka litangazwe. Kaunti ikilikubali, si mwombaji peke yake anayeweza kulalamika. Kifungu cha 61 cha sheria hiyo kinamruhusu pia mhusika mwingine yeyote aliyeathirika kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya upangaji ya kaunti ndani ya siku 14, na akishindwa huko aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwenye nyumba bila ardhi, kwa maoni yangu, ni mhusika hata kama jina lake haliko kwenye hati. Risiti za kodi ya ardhi azitunze, hata zile za marehemu baba yake, maana ndizo atakazoziweka mbele ya kamati.